Dirisha Nililofungua

Mimi ndiye niliyefungua dirisha.
Nianzie hapo, nisije nikazunguka.

Saa tisa usiku, Julai,
Tuuli amelala chali, kinywa wazi,
mkono mmoja ukining'inia nje ya kitanda,
na juu yake kitu cheusi kinazunguka chumba
kama leso iliyopotelewa na mwenyewe.
Popo. Hata uzito wa barua hana.
Nikazima taa, nikafungua, nikajibanza ukutani.
Akapiga duru tatu, akatoka
kwa adabu, kama mgeni aliyekosea nyumba.
Nikajisifu. Hata mtoto sikumwamsha!

Kesho yake nikamsimulia Bi. Trevarrow, muuguzi,
tukiwa kwenye foleni ya posta. Nilikuwa nacheka.
Yeye hakucheka.
"Yuko wapi?"
"Nani?"
"Popo, Aune."
"Kaenda zake."

Akanivuta kando ya masanduku ya barua.
Jino lake, alisema, ni jembamba kuliko sindano ya kutarizi;
mtoto anaumwa, anageuka upande, anaendelea kuota,
na asubuhi hakuna alama ya kuonyesha.
Na kichaa hiki tunachokiita cha mbwa
hakisubiri mbwa.
Dalili zikishaanza, daktari hubakiwa na kazi
ya kushika mkono.
"Chumba kingekuwa kitupu, ungefanya sawasawa.
Lakini palikuwa na mtoto amelala.
Ungevaa glavu, ukamfunika kwa kopo,
ukapitisha kadibodi chini, ukatuletea,
kichwa kizima, hakijapondwa.
Maabara ingemsoma.
Sasa hatuna wa kumwuliza."

Popo wengi hawana ugonjwa, akaongeza.
Wengi.
Neno hilo nililishika maili arobaini hadi hospitali,
nyuma ya lori la magogo lisilotaka kupitwa,
na halikunipa joto.

Siku ya kwanza, sindano zaidi ya moja.
Kisha siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne.
Tuuli alilia mara mbili tu. Ya tatu akauliza
kama popo naye amechomwa.

Jirani yangu Rautio akaja na ngazi na povu la kuzibia.
"Niachie dari lako. Leo leo hawatoki tena."
Nilikuwa na hasira ya kutosha, sikatai.
Lakini Julai, humo darini, mna vichanga
visivyojua kuruka, vimeng'ang'ania mbao,
na mama zao wako nje wanatafuta mbu.

Baba yangu alifukiwa kwenye mgodi wa shaba
saa kumi na tisa, nikiwa na umri wa Tuuli.
Nakumbuka mama alivyokaa akiutazama mlango wa jikoni.
Nikamwambia Rautio ashuke.

Tukangoja. Tukafunga mlango wa ngazi ya darini,
tukaziba kila ufa wa kupitisha kidole gumba
kati yao na vitanda vyetu.
Mwisho wa Agosti, watoto wao wamekwisha kuruka,
Rautio akatundika wavu kwenye tundu la paa:
wa kutoka atoke, wa kurudi asipate njia.
Baada ya siku kadhaa ndipo povu likafanya kazi yake.
Kisanduku cha mbao tulikipandisha mlingotini,
kule nyuma ya banda la sauna.
Mwaka ule hakikupata mpangaji.
Uliofuata, walikuja.

Sasa jioni, kabla giza halijakaza,
mimi na Tuuli tunakaa kwenye ngazi, tunawahesabu.
Yeye amefika sitini na nne, mimi hamsini na tisa.
Ananituhumu kusinzia.
Mikono yake iko mfukoni; ndiyo sheria yake mwenyewe,
ameiandika kwa chaki mlangoni pa banda:
ALIYE CHINI HAGUSWI. ITA MTU MZIMA.
Chini yake, kwa herufi ndogo:
isipokuwa bibi.

Chumbani kwake dirisha liko wazi, Julai ni Julai.
Nimelipigilia wavu.
Kila usiku napitisha kidole pembe zote nne.